Kudandia mbio ya barabara bila kusajili: ni wizi ama barabara ni yetu sote?

#1 Nyakwar_Dunga
Wadau habari za leo. Nina swali na naomba msinirukie wote kwa pamoja. Kuna hii mbio ya 10K (kilomita kumi) inakuja hapa Kisumu mwezi ujao, Jumapili asubuhi, inaanzia mjini inashika Jomo Kenyatta Highway inapanda Kondele inaenda kugeukia huko Mamboleo halafu inarudi. Kusajili ilikuwa 1,500 na mimi nilikuwa nangoja mshahara, mshahara kuingia nikaambiwa nafasi zimeisha. Sasa hiyo njia mimi naikimbia kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi nikitoka Nyalenda na hakuna mtu amewahi kuniuliza namba yangu iko wapi. Nikiingia tu katikati ya watu, sichukui medali, sichukui maji, sipiti finishi, hapo nimekosea wapi? Beshte yangu anasema huo ni wizi kama wizi mwingine. Mimi nasema barabara ni ya umma. Amueni.

#2 Boda_Kibuye
Barabara ni ya umma siku zote isipokua siku ya mbio. Mwaka jana nilikua nimebeba mama na gunia la omena tumetoka Dunga tunaenda soko Kibuye, nikasimamishwa dakika arobaini watu wapite na mabukta. Omena inanuka jua linawaka mama ananitukana mimi kama ni mimi nimefunga barabara. Sasa kama mimi mwenye pikipiki na mteja na haraka sikuruhusiwa kuingia, wewe utaingia kama nani

#3 MwalimuMaseno
Ndugu Nyakwar, usitishike. Kumbuka ya yule mwanamke wa Marekani mwaka 1967, alikimbia marathoni ya Boston bila kusajiliwa, afisa mmoja akamrukia njiani akitaka kumtoa kwa nguvu, naye akaendelea hadi mwisho. Leo hii wanawake wanakimbia kote duniani kwa sababu yake. Mambo mengi mema yalianzishwa na mtu asiye na namba kifuani.

#4 Kipepeo21K
Mwalimu heshima yako lakini hapo umechanganya watu wawili. Huyo wa 1967 ni Kathrine Switzer na alikuwa AMESAJILI, aliandika K. V. Switzer kwa fomu na akapewa namba 261, ndiyo hiyo namba afisa alikuwa anataka kuing'oa. Asiyesajiliwa ni Bobbi Gibb, mwaka mmoja kabla, 1966, alijificha kwa vichaka karibu na pale wanaanzia akangoja kundi lianze ndio akaingia. Na yeye alikuwa ameandika barua kuomba nafasi akajibiwa hapana kwa sababu ni mwanamke. Wanawake walikubaliwa rasmi Boston mwaka 1972. Yako wewe Nyakwar hujakataliwa na mtu, ni mshahara ulichelewa 😂

#5 MwalimuMaseno
Nimesahihishwa na nimekubali, asante binti. Lakini mnaona, hoja yangu imepata nguvu zaidi. Aliyejificha kichakani ndiye alitangulia, mwenye namba akafuata.

#6 Mchokozi_Kondele
Nyakwar tafuta kichaka. Shida ni Kondele hakuna kichaka, itabidi ujifiche nyuma ya mama wa mahindi choma

#7 Kambi_Iten
Nyinyi mnaongelea watu wa nyuma, wacha niwaambie ya mbele. Nimekaa kambi ya wakimbiaji Iten miaka minne. Kijana anatoka huko ndani ndani Elgeyo Marakwet, viatu ni vya kuazima, hana hiyo 1,500, anasikia kuna mbio Kisumu ama Kakamega na mameneja watakuwepo. Anapanda matatu usiku analala stejini, asubuhi mbio ikifika kilomita ya pili anaruka ndani anashikana na kundi la kwanza mpaka wale wenye majina wanaanza kuachwa. Hatafuti zawadi, anatafuta mtu mmoja mwenye gari amuulize wewe ni wa wapi. Mimi nimefanya hiyo kitu mara moja, wapi sisemi.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka uliofuata nimesajili vizuri, nalipa, namba nimebandika na pini nne, nikamaliza wa sita na walikuwa wanalipa mpaka wa sita. Mbele yangu kulikuwa na jamaa hana namba. Yule wa kuandika na kalamu akamhesabu yeye wa sita mimi nikawa wa saba. Nilisimama kwa hiyo meza mpaka wakaanza kung'oa hema. Bahasha niliipata baada ya wiki tatu na ilikuwa imekonda. Jamaa mwenyewe hakuwa hata anataka pesa, alikuwa anafanya tu vile mimi nilifanya mwaka wa nyuma. Hata kumkasirikia nilishindwa.

#8 MezaYaMaji
Mimi nimesimama meza ya maji mara tatu kama volantia, mara mbili hapa Kisumu na mara moja Kakamega karibu na Bukhungu. Maji huletwa kwa hesabu ya watu waliosajili na ziada kidogo. Saa mbili na nusu katoni zilikuwa zimeisha. Saa tatu ndio wakafika wamama wa kikundi chetu cha kanisa, watu wamelipa, wanatembea, jua la Kisumu mnalijua, na mimi nimesimama na meza tupu nawapigia makofi. Makofi hayanyweki. Huwezi kuniambia wale vijana wote waliopita hapo mapema bila namba hawakuguswa na kiu.

#9 Nyakwar_Dunga
@MezaYaMaji lakini nimesema sichukui maji!! Nitabeba yangu.

#10 MezaYaMaji
Wote husema hivyo wakiwa kwa nyumba. Kilomita ya saba mkono unajinyosha wenyewe.

#11 Section58
Nakuru hapa. Kwetu tuna baridi ya asubuhi kwa hivyo hayo ya maji si sana 😄 Lakini swali langu kwa hawa watu wa kamati ni hili, 1,500 inaenda wapi? Tisheti ina nembo nane mgongoni kama matatu, kila nembo imelipa. Ukiuliza unaambiwa ni ya hisani. Mimi na bibi na vijana wawili tukisajili hiyo ni 6,000, ni karo ya mtu. Halafu mbio inapita mbele ya geti yangu. Nimeona wazungu huita watu wa kuingia bila namba banditi, sasa mimi ni banditi kwa barabara ya kwetu?

#12 Mtu_wa_Kabarnet
Wadau hilo neno waachieni hao wazungu. Huku kwetu ukisema banditi watu hawacheki, wanaingiza ng'ombe na kufunga mlango. Tafuteni jina lingine.

#13 Section58
Pole sana mkuu, sikufikiria. Sitalitumia tena.

#14 Mchokozi_Kondele
Mdandiaji. Kama ya matatu. Unaning'inia mlangoni na hujalipa na makanga anakuangalia.

#15 Kamati_Mstaafu
Mdandiaji imekaa vizuri. Sasa @Section58 wacha nikujibu kwa sababu nimewahi kukaa kwa kamati ya mbio ndogo ya mji mmoja wa magharibi, haikuwa hata na nembo nane, ilikuwa na mbili na moja haikulipa. Pesa inaenda kwa ambulensi, hiyo inasimama hapo masaa yote hata kama hakuna mtu ameanguka. Inaenda kwa chakula cha watu wa kuelekeza magari, kuchapisha namba, kukodi mashine ya saa, vibali, hema, spika, watu wa kuokota chupa. Na vyoo. Nyakwar umesema hutakunywa maji, sawa nimekuamini. Choo je? Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umekunywa chai, una wasiwasi wa mbio?

#16 Boda_Kibuye
Hapo kwa choo umempata 🤣🤣

#17 Nyakwar_Dunga
Mimi hukimbia bila chai.

#18 NesiWaZamu
Mnacheka lakini wacha niseme yangu. Niko kwa hii kazi ya hema la huduma ya kwanza kila mbio inapofanyika. Kisumu iko chini, mita elfu moja na mia moja na kitu hivi, ukilinganisha na Eldoret ambayo ni zaidi ya elfu mbili, na joto lake linabeba unyevu wa ziwa, jasho linakaa kwa ngozi halikauki, mwili haupoi. Watu wa milimani hushuka hapa wakidhani hewa nzito itawabeba, hewa inawabeba kweli lakini joto linawaangusha. Mtu akizidiwa na joto la aina hiyo anaanza kuongea maneno hayaelewani, anakukataa, anataka kukupiga, ukipima joto la mwili limepita 40. Kazi ni kumpoza hapo hapo, maji baridi mwili mzima, ndio umpeleke hospitali.

Sasa kuna mmoja aliletwa na hana namba. Mwenye namba natazama nyuma ya karatasi nakuta jina na simu ya mtu wa kwao. Huyu hana simu, hana kitambulisho, ameshika tu ufunguo mmoja wa nyumba. Nikaandika kwa fomu "mwanaume, umri kama 30". Ile siku nzima mtu wa kwao alikuwa mahali akidhani ameenda kununua gazeti. Alipona, jioni akakumbuka jina lake. Mimi sisemi ni wizi ama si wizi, hiyo sijui. Nasema tu andika jina na namba ya simu ya mkeo kwa mkono na kalamu ya wino kabla utoke, hata kama unaenda kukimbia peke yako Dunga.

#19 MwalimuMaseno
Hili la nesi ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa.

#20 MpwaMtiifu
Basi na mimi nikiri. Kakamega. Shangazi yangu alisajili 10K na daktari wake akamwambia hapana, goti. Namba iko, tisheti iko, akaniambia mpwa wangu nenda usiache pesa yangu ipotee. Nikaenda. Sikujua hiyo karatasi iko na chipu ya kupima muda nyuma. Nikakimbia nikamaliza dakika arobaini na moja, najiona shujaa. Jioni shangazi anapata ujumbe kwa simu HONGERA, umekuwa wa kwanza wanawake miaka 60 na zaidi. Akapiga kelele mtaa wote ukakuja. Yule mama aliyekuwa wa kwanza kweli alikuwa nyuma yangu kama dakika thelathini. Ilibidi shangazi apigie waandalizi mwenyewe awaambie ukweli, na mimi kwa familia mpaka leo naitwa shangazi.

#21 Mchokozi_Kondele
NIMEFARIKI 🤣🤣🤣 Shikamoo shangazi

#22 Kapsabet_Ndani
Dakika 41 halafu unajiona shujaa. Huku kwetu hiyo ni ya mtu anaenda kuchukua maziwa.

#23 MpwaMtiifu
Boss mimi ni Mluhya wa raga, niheshimu.

#24 Kipepeo21K
Ya mpwa ni mchezo lakini ni kitu kikubwa huko nje. Shenzhen kule China, mwaka 2018, nusu marathoni moja tu walishika watu 258. Wengi, 237, walikatisha njia kwa kuvuka vichaka na picha zao zikanaswa na kamera. 18 walikuwa na namba za bandia na 3 walikuwa wamebeba namba za watu wengine kama shangazi wetu hapa.

#25 Section58
Tena vichaka. Hawa watu wa vichaka

#26 Boda_Kibuye
Swali la kijinga. Hizo mashine za chini, yale mazulia ya pale finishi, Nyakwar akikanyaga si zitalia? Niliambiwa na jamaa mmoja ukipita bila namba inapiga king'ora na inaharibu hesabu ya wote

#27 FundiChipu
Hapana, huyo jamaa alikudanganya. Ile chipu ni kistika chembamba nyuma ya namba, haina betri, zulia ndilo linatoa mawimbi ya redio yanaiamsha ikiwa juu yake, inasema mimi ni 412 kisha inalala tena. Mtu bila chipu zulia halimwoni kabisa, ni kama mbuzi amepita. Shida iko kwa mambo mengine: picha za finishi, kamera ya akiba tunayotumia kama chipu imekosa kusomeka, na yule wa kuandika kwa mkono ambaye alimliza @Kambi_Iten. Unakaa jioni unaangalia video, kuna kichwa kimoja zaidi ya majina. Hiyo inakula masaa mawili ya mtu kwa sababu huwezi kujua kama ni mdandiaji ama ni mtu halali chipu yake imekufa.

#28 Nyakwar_Dunga
Ndio maana nikasema sipiti finishi. Nitatoka kama mita mia mbili kabla.

#29 Kambi_Iten
Wee. Mita mia mbili kabla, watu wamejipanga pande zote wanapiga makofi, wanakuita we kijana kaza kaza, na utoke? Sijaona mtu.

#30 Kapsabet_Ndani
Na kuna kitu mnasahau, mtu akiwa katikati ya njia anaweza kubadilisha mbio bila kujua. Mzee wetu Ibrahim Hussein, mtu wa hapa Nandi, alishinda Boston mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kushinda pale. Alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde MOJA. Baada ya kilomita 42! Sasa weka mdandiaji mmoja hapo mbele ya Hussein anajipiga selfi.

#31 MwalimuMaseno
Nakumbuka redioni. Ikangaa alishika nafasi ya pili pale miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Tulimhurumia sana.

#32 Mchokozi_Kondele
Mnamsumbua Nyakwar bure. Hata Kipchoge ile marathoni ya 1:59 alikimbia bila kusajili, ndio maana hawakuiweka kwa rekodi

#33 Kipepeo21K
Uongo huo 😂 Vienna 2019 haikuwa mbio ya wazi, alikuwa peke yake dhidi ya saa. Waliokuwa wanamkata upepo walikuwa wanabadilishana zamu, wengine wanatoka wengine wanaingia, na vinywaji aliletewa na mtu wa baiskeli. Hayo kwa sheria za rekodi hayakubaliki. 1:59:40 ni yake, ila haiko kwa orodha ya rekodi. Rekodi rasmi ya Kipchoge ilikuja kuvunjwa na marehemu Kiptum, 2:00:35, Chicago 2023.

#34 Kapsabet_Ndani
Kiptum 😔 Alizaliwa kwetu huku karibu. Alikufa kwa ajali ya gari barabarani, Februari 2024.

#35 Kambi_Iten
Pole kwetu sote.

#36 Section58
Kwa hao wa kukata upepo, si kuna sungura mmoja Mkenya alishinda Chicago na hakuwa hata ameingia kama mshindani? Huyo si ni mdandiaji aliyehalalishwa?

#37 Kambi_Iten
Huyo ni Ben Kimondiu, Chicago 2001. Na hakuwa mdandiaji, sungura ana namba, ana mkataba, analipwa kukimbiza kundi hadi kilomita fulani halafu akitaka anaendelea. Yeye akaona bado ana miguu akaendelea na akamshinda Paul Tergat mwenyewe kwa mita za mwisho. Hiyo imeandikwa. Mdandiaji akishinda haiandikwi, hiyo ndiyo tofauti.

#38 Section58
Sawa nimeelewa. Sungura ana karatasi.

#39 Mtu_wa_Kabarnet
Mnaongea karatasi mnasahau ile ya Nairobi 2014. Kuna mtu aliingia uwanjani Nyayo wa pili, watu wakapiga makofi, halafu wakamwangalia vizuri wakaona hana jasho. Wengine wanaanguka yeye anapumua kama ametoka dukani. Ikasemekana alijificha karibu na mwisho akangoja kundi, akashikwa. Huyo karatasi alikuwa nayo. Kwa hivyo namba haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

#40 Nyakwar_Dunga
Ndio hapo! Mimi nitakuwa na jasho lote na sitadai kitu.

#41 Boda_Kibuye
Jasho lako tutalipima kwa ndoo

#42 Kipepeo21K
Wacha niseme kitu sijawahi kuandika mahali. Mimi pia nimedandia, Nakuru, mara mbili. Si kwa sababu ya pesa, pesa nilikuwa nayo. Mwanamke akikimbia peke yake asubuhi huku kuna mambo. Kuna mbwa wa Milimani, hao nimewazoea, lakini kuna wanaume wa kusimamisha gari wakuulize unakimbia kutoka kwa nani, kuna watu wa boda wa kukufuata polepole wakiimba (samahani @Boda_Kibuye najua si wewe). Mimi hukimbia na ufunguo kati ya vidole. Siku ya mbio ndiyo siku pekee kwa mwaka mzima nakimbia KATIKATI ya barabara, kwa mstari mweupe, na hakuna mtu ananiuliza kitu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama tu kando kutazama, nimevaa nguo za mazoezi, wamama wakapita wengi wanacheka, mguu ukaingia wenyewe. Nilikimbia kilomita nne nikatoka karibu na Afraha nikapanda matatu nyumbani. Siku hizi nasajili. Lakini sijawahi kuona aibu kwa hizo kilomita nne.

#43 NesiWaZamu
❤️

#44 Boda_Kibuye
Sijakasirika dada. Na hao wa kuimba nitawaambia stejini.

#45 MezaYaMaji
Kwa huyo ningempa maji. Ona sasa nimekuwa mnafiki.

#46 Kamati_Mstaafu
Mnajua kwa nini hata wavumilivu wameacha kuvumilia? Boston kwa miaka mingi walikuwa wanafumba macho, wadandiaji walikuwa wanafuata nyuma kabisa baada ya wote kuanza, ilikuwa kama desturi ya mji. Halafu mwaka 2013 mabomu yakalipuka pale finishi. 2014 wakafunga, mabegi ya mgongoni marufuku, asiye na namba hakutakiwa popote kwa njia. Na huku kwetu askari akiuliza nani yuko ndani ya kamba na huwezi kujibu, mbio ya mwaka ujao usiombe kibali. Hiyo ndiyo sababu yangu mimi, hata si maji.

#47 Section58
Kamati mara ya kwanza ulisema ni choo.

#48 Kamati_Mstaafu
Choo pia 😄

#49 Mchokozi_Kondele
Na hiyo 10K yenyewe ni 10? Mwaka juzi saa yangu ilisoma 10.2. Nilidai mita mia mbili zangu zirudishwe

#50 FundiChipu
Saa yako ndiyo iliongeza. Njia inayopimwa vizuri hupimwa na baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, mpimaji anafuata njia fupi kabisa, sentimita 30 hivi kutoka ukingo wa kona, halafu anaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Kwa hivyo 10K iliyopimwa ni kama 10.01. Wewe ulizunguka kona upande wa nje ukitafuta kivuli na GPS nayo ikayumba hapo kwa majengo. Kama ilipimwa, lakini. Nyingine hupimwa na kilomita za gari la mwenyekiti.

#51 Mchokozi_Kondele
Nilikuwa natafuta mahindi si kivuli

#52 Kapsabet_Ndani
Tumeenda mbali. Nyakwar umeamua nini? Na wewe uliuliza umepotea.

#53 Nyakwar_Dunga
Niko. Nimesoma yote nikiwa kazini bosi asinione. Asante wote hata walionitusi kidogo. Ya nesi imenishika, nimeandika namba ya mama kwa mkono kujaribu na imekaa mpaka saa hii hata nimeoga. Ya Kambi nayo imenishika kwa njia nyingine, sijui kama nimuonee huruma yeye ama yule jamaa asiye na namba. Lakini bado hakuna mtu amenijibu swali langu. Kama sinywi, siendi choo, sipiti finishi, na nina jina langu kwa mkono, nimemnyima nani nini?

#54 MezaYaMaji
Nafasi. Barabara ina upana wake.

#55 Section58
Hujamnyima mtu. Kimbia.

#56 Kambi_Iten
Kimbia lakini kaa nyuma ya kila mtu. Nyuma ya mama wa mwisho. Hapo hakuna bahasha.

#57 Boda_Kibuye
Nyuma ya mama wa mwisho ni mimi nikingoja wafungue barabara. Ukikaa hapo nitakupigia honi

#58 Nyakwar_Dunga
Basi nitaanza mapema. Saa kumi na moja na nusu kama kawaida yangu, kabla hawajaweka kamba. Nitakimbia hadi Mamboleo na kurudi kwa kando ya barabara, wakianza saa moja mimi niko karibu kumaliza.

#59 Kipepeo21K
Kwa hivyo umerudi pale ulikuwa kabla ya kuanzisha uzi 😂

#60 Nyakwar_Dunga
Isipokuwa nikikutana nao wakitoka.

#61 Mchokozi_Kondele
Hapo sasa!! Nimesema mimi.

#62 MpwaMtiifu
Shangazi amesajili tena ya mwaka huu na goti bado. Namba iko kwa meza ya sebuleni. Sisemi kitu, natoa tu taarifa.

#63 MezaYaMaji
Meza yangu mwaka huu ni ile ya Kondele, upande wa kushoto mkipanda. Nitakuwa naangalia mikono.